Nati za Gurudumu la Kulia

Kila karakana ina mtu mmoja anayejua kuliko wenzake, na ambaye hatulii mpaka wenzake wajue kwamba anajua. Katika karakana ya magari ya kambi ile, mtu huyo aliitwa Kitabu. Jina alipewa na madereva, heshima kidogo na kejeli kidogo, kwa sababu ukimuuliza lolote kuhusu yale malori ya zamani ya jeshi, yenye pua ndefu na taa zilizotokeza kama macho ya chura, alianza kujibu hivi: "Kitabu kinasema." Na kweli kitabu kilikuwa kinasema. Kurasa mia nne za maelekezo ya lori lile alikuwa amezimeza zote akiwa kijana, na mpaka anastaafu, nywele zimemwisha na magoti yanalia, hakuna aliyewahi kumkamata kwa kosa hata moja. Mtu wa namna hiyo mimi ningemwonea huruma. Yeye alijiona amebarikiwa.

Alikuwa na miaka minne tangu astaafu, siku zake anazimalizia barazani akigombana na redio, alipopigiwa simu na kanali mpya wa kambi. Kambi ilikuwa inatimiza miaka sitini. Kanali alitaka lori moja la zamani lifufuliwe, lipite mbele ya wageni kwa nguvu zake lenyewe, kisha likae getini kama pambo. Shida ni kwamba malori yale yote yalikwishauzwa vyuma chakavu. Lilibaki moja tu, nyuma ya ghala la mafuta, majani yameota mpaka ndani ya sakafu yake. Na hilo lilibaki kwa sababu hakuna aliyetaka kuligusa. Ndilo lililochomoka gurudumu kwenye mteremko miaka ishirini na sita iliyopita, likapinduka, na vijana wawili waliokaa nyuma hawakuamka tena.

Kanali wakati huo alikuwa bado anavaa kaptura za shule. Kwake lile lilikuwa lori zuri la kizamani, basi.

"Mzee, unaweza kulifufua?" aliuliza.

Kitabu akajikohoza. "Kitabu kinasema linafufuka," akajibu.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa dada yake mdogo kula chakula cha mchana, kama alivyofanya kila Jumapili tangu mkewe afariki. Dada yake alikuwa anaishi peke yake katika vyumba viwili safi, na meza yake ilikuwa na kitambaa kilichopigwa pasi. Alipoambiwa habari za lori, kijiko kilimganda mkononi.

"Lile lililoua?"

"Gari haliui, dada. Anaua mtu," alisema Kitabu, na akaendelea kula.

Dada akainamisha macho. Mtu mwenyewe wote wawili walikuwa wanamjua. Alikuwa mume wake.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hilo mtamhukumu huyu mama bure.

Shemeji huyo, Kitabu ndiye aliyemleta. Alimwona kijana mpole, mchapakazi, fundi wa magurudumu asiyejua kusoma sana lakini mwenye vidole vinavyoona, akampeleka nyumbani mwenyewe, akamwambia dada yake, "Huyu hana makuu." Wakaoana. Kwa miaka saba mashemeji wawili walifanya kazi karakana moja, mmoja anasoma, mwingine anapapasa, na magari yakawa yanakwenda. Kisha likaja lile lori. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limetoka lenyewe, nati zote zimelegea na kudondoka moja moja njiani. Na aliyezifunga nati zile asubuhi hiyo, kila mtu alijua, ni shemeji.

Baraza la uchunguzi lilikaa chumba cha mikutano. Maofisa watatu, watu wa kalamu, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika spana. Wakamuuliza shemeji, ulizikaza au hukuzikaza? Akasimama, jasho linamtoka, akajibu maneno ambayo kambi nzima iliyakariri baadaye.

"Nilizikaza, afande. Ila zile nati zilikuwa zinafunga kinyume. Nilimwambia shemeji yangu."

Wakamgeukia Kitabu, shahidi wao mkuu. Kitabu akaeleza kwa utulivu, kama mwalimu. Malori yale yana jambo lake: nati za magurudumu ya upande wa kushoto zinafungwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume na nati za dunia nzima, ili gari likienda mbele zizidi kujikaza. Upande wa kulia, nati ni za kawaida, zinafungwa kwa kuzungusha kulia. Gurudumu lililotoka lilikuwa la kulia. Hakuna nati ya kinyume upande wa kulia, kitabu kinasema, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.

"Sasa yeye anasema zilifunga kinyume," alisema ofisa mmoja. "Inawezekanaje?"

Kitabu alikuwa na hasira. Vijana wawili wamekufa, shemeji yake mwenyewe kamwaibisha, na sasa anataka kumtia na yeye kwenye kesi kwa kusema alimwambia. Hakuwa ameambiwa chochote, hilo angeweza kuliapia. Akamtazama shemeji yake machoni na kusema, "Labda alikuwa amesimama kichwa chini."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Maofisa wakacheka, karani aliyekuwa anaandika akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Shemeji akabaki amesimama pale, mikono ubavuni, akingoja wamalize. Walipomaliza, kesi nayo ilikuwa imekwisha.

Alifungwa miaka miwili, akafukuzwa jeshini. Kichekesho kikabaki kambini kikiendelea kuishi. Mpishi akiunguza chakula, wanamwambia nati zilifunga kinyume. Askari akichelewa gwaride, nati zilifunga kinyume. Alipotoka gerezani, mkewe alimpokea mlangoni, hajamfungulia vizuri, akamuuliza swali moja. "Niambie kweli, mimi mkeo. Ulizikaza?" Akasema alizikaza, ila zilifunga kinyume. Mama wa watu akamtolea nguo zake kwenye mfuko. Alikuwa tayari kumsamehe muuaji, nadhani. Mwongo alimshinda, hasa mwongo anayemsingizia kaka yake. Jamaa akapanga chumba karibu na stendi, akawa anaziba pancha, na watoto wa mtaa wakimwita Kinyume, naye anaitika. Binti yao aliolewa mbali na hakuja kumzika. Alizikwa miaka sita iliyopita, ugonjwa wa kifua, na Kitabu alikwenda mazikoni kwa sababu kutokwenda kungeonekana vibaya.

Basi, turudi kwenye lori.

Kitabu aliingia kazini kwa roho moja. Akakata majani, akafukuza nyuki waliohamia kwenye bodi, akalivuta lori hadi karakana kuukuu aliyopewa. Injini iliyoganda aliimwagia mafuta ya taa na kuiacha wiki mbili, kisha akaanza kuizungusha kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka siku moja ikakubali. Alikwangua rangi: kijani, chini yake rangi ya mchanga, chini yake kijani tena. Turubai likashonwa jipya. Breki zikafumuliwa zote. Miezi minane akaimaliza hivyo, amechafuka grisi, ana furaha ambayo hakuwa nayo tangu astaafu, na kila Jumapili akamsimulia dada yake alipofikia. Dada alisikiliza bila kuuliza.

Magurudumu aliyaacha mwisho. Akaanza kushoto, kama kitabu kinavyosema. Akapitia habu, kile kichwa cha chuma mwisho wa ekseli kinachobeba gurudumu, akasafisha bolti kwa brashi ya waya, akafunga nati zake kwa kuzungusha kushoto. Safi. Akahamia kulia, mbele. Safi. Akaja nyuma, upande wa kulia, penyewe hasa. Bolti sita, mbili zilikatika katika ajali ile, nne zilikuwepo chini ya tope na kutu ya miaka ishirini na sita. Akazisugua. Akachukua nati mpya ya upande wa kulia, akaipachika, akaizungusha.

Nati haikushika.

Alidhani ni kutu. Akasugua tena, akapaka mafuta, akajaribu nati nyingine, na nyingine. Zote zilizunguka tu nchani mwa bolti, haziingii. Alikasirika, akaitupa ya nne ikagonga ukuta. Kisha, sijui ni kitu gani kilimtuma, akainuka, akaenda kwenye mkebe wa nati za kushoto, akachukua moja. Akaipachika kwenye bolti ya kulia, akaizungusha kushoto. Iliingia laini kabisa, mpaka mwisho.

Akapiga magoti. Akafuta ncha ya bolti kwa kidole gumba, akaona ile herufi ndogo inayogongwa kiwandani kwenye bolti za kushoto peke yake. Akafuta ya pili. Ilikuwepo. Ya tatu, ya nne. Habu hii ilikuwa ya upande wa kushoto, na ilikuwa imefungwa kulia. Nati yoyote utakayoikaza hapo, uikaze hata kwa nguvu za mbinguni, gari likitembea itajifungua yenyewe.

Na habu ile alikuwa ameifunga yeye.

Kumbukumbu haikuja kidogo kidogo. Ilikuja yote pamoja, kama ndoo ya maji aliyomwagiwa mtu. Msafara unatoka saa mbili, beringi ya gurudumu la nyuma imekwama, stoo hakuna kitu. Kitabu akakimbia kwenye lori bovu uani, akachomoa habu ya kwanza iliyokubali, pamoja na nati zake kwenye mkebe. Upande gani? Hakuangalia. Habu ni habu, zinafanana kama sahani. Akaifunga mwenyewe haraka haraka, akamwita shemeji aje kuweka gurudumu, na yeye akaenda kutia kichwa kwenye boneti ya gari jingine lililokuwa linanguruma. Na katika mngurumo ule kuna mtu alimgusa mgongoni, akasema kitu. Kitabu hakugeuka. Aliinua mkono kwa nyuma, hivi, kama mtu anayefukuza nzi. Funga, gari linatoka.

Kwa hiyo hakusema uongo mbele ya baraza. Hakusikia. Ila alikuwa ameguswa mgongoni, na hilo hakulisema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza na yeye mwenyewe alikuwa hajiulizi. Mtu aliyekuwa na kurasa mia nne kichwani hakuona haja ya kutembea hatua mia mbili mpaka nyuma ya ghala, akatazame bolti moja.

Sasa ningependa kuwaambia kwamba alikimbia siku ile ile kwa dada yake. Hakukimbia. Alikwenda kutafuta habu ya upande wa kulia, akaipata kwa muuza vyuma chakavu, akaifunga, akaweka gurudumu, akakaza nati kwa kuzungusha kulia. Ile habu nyingine akaifunga kwenye gunia, akaisukumia chini ya benchi. Lori likawa zima, halina ushahidi wowote. Jumapili akaenda kwa dada, akala. Jumapili ya pili akala. Ya tatu aliacha chakula nusu sahani, akasema ameshiba. Kila alipojishawishi kunyamaza alipata sababu nzuri: marehemu ameshalala, dada ameshazoea, wa nini tena kuchokonoa donda. Na katika kila sababu alikuwa anamwona yule mtu amesimama mbele ya baraza, mikono ubavuni, akingoja wamalize kucheka.

Jumatano ya wiki ile, mchana kweupe, alipakia gunia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe kwa magoti yake mabovu hadi kwa dada yake. Akaweka habu sakafuni, juu ya gazeti. Akampa nati.

"Ifunge," alisema.

"Kaka, mimi najua nini kuhusu mambo haya?"

"Ifunge kama unavyofunga kifuniko cha chupa."

Dada akaizungusha kulia. Haikushika. Akamtazama kaka yake. Kitabu akasogea karibu. Akamshika mkono, akauzungusha kushoto. Nati ikaingia. Dada aliisindikiza kwa vidole mpaka mwisho, polepole, kisha akaifungua, akaifunga tena peke yake.

"Hii imetoka wapi?"

"Gurudumu la nyuma. La kulia. Nilikosea mimi. Mimi ndiye niliyeiweka." Akaelekeza kidole kwenye habu. "Alisema kweli, dada. Yote."

Mama yule hakulia. Alikaa chini palepale sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, nati bado iko mkononi.

"Siku moja tu nilimwendea hospitali," alisema. "Sauti ilikuwa imekwisha. Akawa anazungusha mkono hivi, hivi." Akaonyesha, mkono wa kulia unageuka kuelekea kushoto. "Nikadhani anataka nimgeuze alale ubavu. Nikamgeuza. Akazungusha tena. Nikamgeuza tena. Nikachoka, nikaondoka."

Kitabu akafunika uso.

"Umelijua lini jambo hili?" aliuliza dada.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu umekaa kwenye meza yangu na ukweli tumboni, nikakupakulia. Yeye alikuja nao mlangoni, sikumpa hata maji." Akanyanyuka kwa kujishikilia kiti. "Walicheka mbele za watu. Wewe ndiye uliyewachekesha. Basi nenda ukaseme mbele za watu hao hao, na mimi niwepo nisikie. Kabla ya hapo usinijie hapa kula."

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na mahema yalijaa. Wastaafu wa zamani walikaa safu za mbele, vifua vimejaa nishani, mikongojo mikononi, wanatambuana kwa kelele. Dada aliketi kiti cha pembeni, amevaa nguo nyeusi. Lori lilisimama katikati ya uwanja, kijani kinang'aa, na watu walilizunguka wakipiga picha. Kanali akalisifu, akamsifu fundi, akasema mzee huyu ni hazina, kisha akamkabidhi kipaza sauti atoe mawili matatu.

Kitabu hakuwa amezoea kusema mbele ya watu bila kitabu. Alikuwa ameandika karatasi, lakini jasho lilikuwa limelowesha wino, kwa hiyo akaanza na lile lililokuwa juu ya ulimi.

"Ndugu zangu," alisema. "Wengi wenu mnalijua lori hili, na mnajua lilivyoanguka. Nataka kusema mbele yenu leo kwamba zile nati za gurudumu la kulia, zilikuwa kweli zinafunga kinyume."

Kicheko kilianzia safu ya mbele, kikapasuka hema zima. Wazee walipigana mabega. Walikuwa hawajakisikia kichekesho kile siku nyingi, na sasa aliyekianzisha anakitoa mwenyewe, tena kwa uso mkavu vile. Kitabu akainua mkono. "Nasema kweli. Nisikilizeni, ni mimi niliye—" Lakini uso wake mkavu ndio uliowamaliza kabisa. Na mzee mmoja wa nyuma, yule aliyekuwa karani wa baraza, akasimama na mkongojo wake, akapaza sauti: "Alikuwa amesimama kichwa chini!"

Wakacheka mpaka machozi. Vijana wasiojua chochote nao wakacheka kwa sababu wazee wanacheka. Kitabu akabaki amesimama katikati ya uwanja, mikono ubavuni, akingoja wamalize. Walipomaliza kidogo, kanali, akitabasamu, akakichukua kipaza sauti mkononi mwake taratibu na kumwambia, "Mzee una vituko. Haya, tuwashie gari."

Akapanda. Gari liliwaka mara ya kwanza, watu wakapiga makofi, likazunguka uwanja mara moja na kusimama mahali pake bila kutikisika hata nati moja. Aliposhuka, alimfuata dada yake pembeni mwa mahema.

"Umewasikia?" aliuliza dada.

"Nimewasikia."

"Wewe umewasikia leo tu."

Akafunga mkoba wake, akaondoka kwa geti la nyuma, kwenye njia ya miguu inayokwenda makaburini. Kitabu alitaka kumfuata, lakini kanali alikuwa anamwita kwa mkono, kwa sababu lori lilikuwa bado linanguruma na hakuna mwingine aliyejua namna ya kulizima.